Corolla 110 inagoma kuwaka ikiwa ya moto, asubuhi haina shida. Nipime nini kabla ya kununua pampu?

MtuWaTabata

Wakuu, habari za jioni.

Gari ni Corolla 110, injini 5A-FE ya distribyuta (kile kinachogawa moto wa plagi), otomatiki. Asubuhi ukigusa stata tu inawaka. Shida ni mchana. Ikitoka kwenye foleni ya Mandela ikazimwa kama robo saa hadi nusu saa, ukirudi stata inazunguka kwa nguvu zote lakini injini haishiki. Unapiga tena na tena, mwisho inashika kwa kusitasita, inatetemeka kidogo, kisha inatulia na kutembea kama hakuna kilichotokea.

Ikizimwa na kuwashwa papo hapo haisumbui. Ikikaa masaa mengi haisumbui. Na si kila siku, ndiyo maana kila ikifika gereji inawaka vizuri na fundi anabaki anashangaa.

Betri mpya, plagi mpya, filta ya mafuta na ya hewa zimebadilishwa. Taa ya injini kwenye dashibodi haijawahi kubaki inawaka. Tenki huwa linacheza kwenye robo au chini ya hapo. Fundi mmoja anasema pampu, mwingine anasema kompyuta ya injini. Naomba hatua za kupima, sio kubahatisha spea. Nawasilisha.

Bwana_Pampu

Mkuu hapo pampu tu. Nenda Gerezani chukua used ya Japan, unafunga saa moja umemaliza. Huo ndio ugonjwa wa 110 zote.

FundiGeji

Mtu wa Tabata, usinunue kitu bado. Hayo maelezo yako yana nusu ya jibu ndani yake, hasa pale uliposema ikizimwa na kuwashwa papo hapo inawaka, ikikaa sana inawaka, ila robo saa hadi nusu saa ndiyo inagoma. Pampu iliyochoka kweli haichagui muda wa kugoma hivyo. Ingekusumbua barabarani: ukikanyaga mafuta kupanda mlima gari linakosa nguvu, spidi kubwa inakatakata.

Kinachotokea ndani ya ile robo saa ni hiki. Injini ikizimwa, maji hayazunguki tena na feni haipulizi, kwa hiyo joto la injini linapanda kwenye reli ya nozeli (zile zinazopuliza petroli kwenye injini) na mabomba yaliyo karibu. Petroli iliyoko mle haichemki kirahisi kama bado imebanwa na presha. Presha ikivuja, petroli ile ile inageuka mvuke. Ukipiga stata, nozeli zinafunguka vizuri tu ila zinatoa mvuke badala ya mafuta, mpaka pampu isukume mafuta mapya na kuutoa huo mvuke. Ukiwasha papo hapo presha haijaisha. Ukiacha masaa mengi injini imepoa, mvuke umerudi kuwa mafuta, pampu inajaza haraka. Katikati ya hapo ndipo linapogoma. Siku ya mawingu, au ukiwa umetoka safari fupi, hutaona kitu.

Sasa jaribio la kwanza halina gharama. Tafuta kipande cha waya, urefu wa kiganja unatosha, menya ncha zote mbili. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye mfuniko, ukiufungua kwa ndani kuna ramani ya matundu. Tafuta Fp na +B. Gari likigoma (subiri ligome kweli, usifanye likiwa zima):

Zima swichi. Chomeka waya kati ya Fp na +B. Washa swichi bila kupiga stata. Utasikia pampu ikinguruma kwenye siti ya nyuma, na ukishika mpira wa mafuta utausikia unatetemeka. Acha sekunde 10 hadi 15. Piga stata.

Likishika mara moja, tatizo ni presha kuvuja au pampu kutopewa umeme wakati wa stata. Lisiposhika kabisa, acha mafuta, nenda kwenye moto wa plagi. Jaribio hili moja linakuondolea nusu ya ubishi wa gereji. Angalia tu usichomeke tundu lisilo lake, na ukimaliza toa waya. Usiendeshe gari likiwa hivyo, maana pampu haitazimika hata injini ikizimika kwa ajali.

Kitu kingine kinachopoteza watu: kwenye Toyota za umri huu ukiwasha swichi bila stata, pampu HAINGURUMI. Inapata umeme wakati stata inazunguka, halafu inaendelea kupata pale kompyuta inapoona injini inazunguka. Nissan na Honda nyingi ndizo zinazonguruma sekunde chache ukiwasha swichi. Kuna pampu nyingi za Toyota zimetupwa kwa sababu fundi "hakuisikia".

Halafu tuambie: likigoma, kuna harufu ya petroli? Likishika, linatoa moshi mweusi? Na ukipiga stata huku umekanyaga pedali ya mafuta hadi chini, linabadilika?

Nyaya_Tupu

Fundi kamaliza upande wa presha, mimi niongeze wa umeme, kwa sababu dalili zinafanana sana.

La kwanza kabisa, je gari hii imewahi kuwa ya mkopo au ya biashara ya taksi za mtandaoni? Nyingi zimewekewa GPS yenye relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kukata pampu. Mkopo unaisha, laini ya simu inatolewa, relei inabaki. Fungua plastiki chini ya usukani, fuatisha waya. Ukikuta waya wa pampu umekatwa ukaunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu, hapo umekaa na mgonjwa. Dashibodi ikipigwa jua la Dar gundi ya tepu inayeyuka, na hewa ya chumvi inaota kutu ya kijani kwenye shaba. Ikipata joto, kiungo kinaachia. Ikipoa, kinashika. Kata hapo, rudisha waya moja kwa moja, chomelea kwa risasi na uvike mpira wa kusinyaa kwa joto.

La pili ni volti. Nyanyua siti ya nyuma, kuna mfuniko wa bati na soketi ya pampu. Usiichomoe, ingiza ncha za testa kwa nyuma ya soketi. Pima mara mbili:

- Waya wa Fp na +B ukiwa umechomekwa, injini imezimwa.
- Waya umetolewa, injini inanguruma.

Kila mara linganisha na volti za betri wakati huo huo. Tofauti ikizidi volti 1 kuna kizuizi njiani. Na hapa ndipo pazuri: ule waya wa Fp unairuka relei ya pampu. Kwa hiyo ukipata volti nzuri kwa waya lakini ndogo injini ikiwa inafanya kazi, relei ndiyo imeungua pointi zake. Zikiwa ndogo mara zote mbili, ni waya, soketi au athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi). Athi pima peke yake: ncha nyekundu kwenye waya wa athi wa pampu, nyeusi kwenye hasi ya betri, pampu ikifanya kazi. Ikizidi volti 0.2 kasugue athi kwenye bodi.

Halafu kuna dalili moja ya relei ambayo haidanganyi. Gari inashika wakati stata inazunguka, ukiachia ufunguo inazima. Relei ina koili mbili, moja inalishwa na stata, nyingine inashikiliwa na kompyuta. Ya pili ikifa ndio unapata hivyo. Swichi ya ufunguo iliyolika nayo inaleta dalili hiyo hiyo, kwa hiyo tingisha ufunguo kidogo kabla ya kulaumu relei.

Mwisho, soma kodi, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta ya injini. Taa kutobaki inawaka haimaanishi hakuna kilichohifadhiwa. Kiboksi kile kile, unganisha TE1 na E1, washa swichi, hesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa haraka mfululizo bila kituo, hakuna kodi. 12 au 13 ni mawimbi ya mzunguko toka distribyuta. 14 ni mawimbi ya moto, na Toyota ikiyakosa hayo inakata nozeli, watu wanasema mafuta kumbe ni moto. 22 ni sensa ya joto la maji.

Angalia pia mshale wa RPM wakati stata inazunguka. Ukilala sifuri kabisa, mshuku distribyuta kabla ya pampu.

Bwana_Pampu

Sawa, ila mwisho wa siku mtanunua pampu tu 😂

Dada_Spea

Kabla hamjaendelea, kaka wa Tabata, hiyo tabia ya robo tenki iache. Pampu imezama kwenye mafuta na mafuta hayo ndiyo yanaipoza. Ukiweka ya elfu kumi kila siku, pampu inafanya kazi imechomoza nusu, na kinachorudi toka injini kimeshapata moto kinazunguka kwenye mafuta machache. Petroli ya moto ndiyo inayokuwa mvuke haraka. Halafu uchafu wote unakaa chini, karibu na soksi ya pampu, kile kichujio cha mahali inaponyonyea.

Jaza nusu tenki wiki nzima uone kama kugoma kunapungua. Haitibu, ila inakupa ushahidi.

Mafuta yenyewe nayo msiyasahau. Vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) vilianza kuwekwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo wa kuchanganya na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanaleta shida kinyume na ya huyu kaka: hayawi mvuke kirahisi, kwa hiyo gari inasumbua asubuhi ikiwa ya baridi. Maji kwenye tenki vilevile, hasa masika, yanasumbua kuwasha asubuhi na kukatakata. Dalili zake hapa sizioni.

MtuWaTabata

Wakuu asanteni sana. Majibu:

Harufu ya petroli hakuna, moshi mweusi hakuna. Kukanyaga pedali hakubadilishi kitu. Jana mchana iligoma, nikaweka waya Fp na +B, nikasubiri, ikashika kwa mguso mmoja. Mshale wa RPM unaruka wakati wa stata. TE1 na E1 inapepesa mfululizo, hakuna kodi.

Volti kwenye pampu: kwa waya 11.9 betri ikiwa 12.4, injini ikinguruma 13.4 betri ikiwa 14.0. GPS hakuna, nimefuatisha waya zote.

Kuna jamaa ana geji ya kupima presha ya mafuta, nikimpata nimwambie apime nini?

FundiGeji

Vizuri sana. Umeme uko salama, tofauti ya nusu volti ni ya kawaida. Moto upo. Kutokuwa na harufu wala moshi mweusi kunapunguza uwezekano wa nozeli kumwaga mafuta ndani ya injini, ingawa geji ndiyo itakayosema. Na sensa ya joto la maji ingekuwa inadanganya baridi, ungeona moshi. Ukitaka kuitoa kabisa kwenye hesabu, ipime: kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzijoto 20, na 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzijoto 80.

Kwa jamaa wa geji. Kwanza ashushe presha: chomoa soketi ya pampu chini ya siti, washa injini ijizimie yenyewe, piga stata sekunde chache, kisha toa hasi ya betri. Afanyie nje, si ndani ya banda, na mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe mkononi sio kwenye buti. Geji ifungwe kwenye njia ya mafuta baada ya filta, na washa (pete za kuziba) za bolti ya filta ziwe mpya pande zote mbili. Washa za zamani zikirudishwa zinavuja, na kuvuja pale ni juu ya injini ya moto.

Namba za kutafuta:

Silensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta), mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) umechomekwa kwenye rejuleta inayodhibiti presha ya mafuta: psi (kipimo cha presha) 31 hadi 37 hivi.
Mpira wa vakyumu umechomolewa na kuzibwa: psi 38 hadi 44.
Dakika 5 baada ya kuzima: isishuke chini ya psi 21.

Ya tatu ndiyo yako. Wengi wanapima mbili za kwanza, wanakuta nzuri, wanafunga boneti na kusema mafuta hayana shida. Ukichomoa mpira wa vakyumu, unuse na uuangalie ndani. Ukiwa na petroli, ngozi ya rejuleta imechanika na umeshamaliza kazi.

Presha ikishuka haraka kuna njia tatu tu za kutokea: inarudi tenki kupitia bomba la pampu, inarudi tenki kupitia rejuleta na bomba la kurudishia, au inadondoka kwenye nozeli. Kuzitenganisha, tumia ule waya wa Fp kujaza presha, utoe, halafu papo hapo bana mpira unaoleta mafuta toka tenki, upande wa kabla ya filta. Tumia koleo la kubania mipira lenye midomo laini. Koleo la kawaida linakata mpira. Na ukiona mpira una nyufa usiubane kabisa, ubadilishe kwanza.

Presha ikisimama: kosa liko nyuma, tenki.
Ikiendelea kushuka: achia, jaza tena, bana mpira wa kurudishia. Ikisimama sasa, rejuleta.
Ikishuka hata ukibana yote mawili: nozeli. Hapo toa reli na nozeli zake, jaza presha, angalia ipi inadondosha. Tone moja kwa dakika linavumilika, zaidi ya hapo hapana.

Mbezi_Luis

Samahani kudandia uzi. RAV4 ya zamani ya 3S-FE, dalili hizi hizi. Hatua ni zile zile?

FundiGeji

Ni zile zile, na namba zinakaribiana. Ongeza kitu kimoja: baadhi ya injini za Toyota, 3S-FE zikiwemo, zina vali ya umeme kwenye mpira wa vakyumu wa rejuleta. Injini ikiwashwa ikiwa ya moto, vali inakata vakyumu kwa muda ili presha ipande na mvuke ubanwe. Ikifa, au mpira ukichomekwa vibaya na mtu aliyesafisha injini, gari linagoma mchana tu. Fuatisha ule mpira uone unapita wapi kabla ya geji.

MtuWaTabata

Fundi, matokeo haya hapa. Silensa 33. Mpira umechomolewa 41. Mpira mkavu, hauna petroli. Kuzima tu, ndani ya dakika mbili imefika 6. Kubana mpira wa kurudishia, imeshuka vilevile. Kubana mpira wa kutoka tenki, imesimama 38 haikutikisika.

Kwa hiyo ni pampu? Bwana Pampu kashinda?

Bwana_Pampu

🕺🏾🕺🏾🕺🏾

FundiGeji

Hajashinda bado. Kosa liko tenki, lakini tenki lina vitu viwili vinavyoweza kuachia presha. Kuna vali ya kuzuia mafuta yasirudi, iliyo ndani ya mdomo wa pampu yenyewe. Na kuna kampira kafupi kanachounganisha pampu na bomba la kwenye kile kibati kinachoishikilia. Kampira kakipasuka au kibanio kikilegea, presha inarudi tenki kama vali imekufa, na ukifunga pampu mpya ukarudisha kampira kale kale, umeunguza hela.

Toa mafuta yabaki kidogo, shusha presha, hasi ya betri nje. Kabla ya kufungua kile kibati puliza na futa mchanga wote unaozunguka, maana ukianguka ndani unaishia kwenye soksi. Nyanyua taratibu ukiinamisha, usipinde mkono wa boya la geji ya mafuta. Kisha kunja kale kampira kwa vidole. Kakiwa kagumu kama plastiki, au kuna mstari wa ufa pembeni ya kibanio, umeshaipata.

Vali ipime nje. Chomeka kampira safi kwenye mdomo wa pampu, sukuma hewa kwa bomba la sindano kuelekea ndani ya pampu. Hewa isipite. Ikipita, vali imekufa, na vali haiuzwi peke yake, hapo ndipo unanunua pampu.

Dada_Spea

Na ukija dukani usiseme tu "mpira wa mafuta". Mpira wa kawaida umetengenezwa petroli ipite ndani, sio uzame kwenye petroli. Ukiuzamisha unavimba na kulainika kwa nje, miezi si mingi unarudi pale pale. Unaotakiwa una maandishi 30R10 ubavuni. Ni ghali kuliko wa kawaida na unauzwa kwa sentimita, ila unahitaji kipande kidogo tu. Vibanio viwe vile vya ukingo wa mviringo, sio vyenye meno yaliyotoboka, vinakata.

Kama ni pampu, used ya Japan ni bahati nasibu hasa kwa kosa hili. Muuzaji ataigusisha kwenye betri, inanguruma, unalipa. Kunguruma hakupimi vali. Omba uipime kwa bomba la sindano hapo hapo kaunta, akikataa toka. Chukua pia soksi mpya na gasketi ya kibati. Soksi ya zamani usiirudishe hata kama ukiitazama inaonekana safi.

MtuWaTabata

Nimefungua. Kampira kagumu, kana ufa wa mshazari chini kabisa ya kibanio cha juu, huwezi kuuona mpaka ukunje. Vali ya pampu nimepima kwa bomba la sindano, hewa haipiti hata kidogo. Soksi nyeusi.

Nafunga kampira kapya cha 30R10, vibanio vipya, soksi na gasketi. Kuna cha kuangalia kabla ya kurudisha siti?

FundiGeji

Pampu ibaki hiyo hiyo. Kampira kaingie mpaka mwisho pande zote mbili, vibanio vikae nyuma ya ule uvimbe wa bomba, sio juu yake. Skrubu za kibati zikaze kwa kupishana, kidogo kidogo, gasketi isikunjike.

Rudisha mafuta, angalau nusu tenki. Soketi ya pampu, hasi ya betri. Waya wa Fp, washa swichi dakika moja bila stata, kisha nusa na tazama kibati kama kuna unyevu. Ukiona unyevu, zima, usipige stata. Kukiwa kukavu, toa waya, washa injini ipate moto mpaka feni izunguke, zima, soma geji baada ya dakika 5. Ikibaki juu ya 21, acha dakika 20 boneti ikiwa imefungwa, piga stata mara moja. Ikishika, shusha presha tena, toa geji, funga bolti ya filta kwa washa mpya, kama Nm 30, usivunje. Jaza presha kwa waya mara ya mwisho uangalie bolti haivuji, toa waya kwenye kiboksi, ndipo urudishe siti.